Aliyeshika Naye Ameshikwa

Maji ya bamvua yanapokupwa mashariki ya Unguja, bahari hurudi nyuma hadi karibu na mwamba wa nje, na akina mama huteremka na ndoo zao na vyuma virefu. Nilianza kufuatana na bibi yangu nikiwa na miaka tisa. Siku ya kwanza nilipouona mnyiri ukichungulia kwenye tundu, niliingiza chuma kwa pupa, nikachokoa, nikavuta. Pweza akazama ndani kabisa, na mbele yangu likabaki jiwe.

Bibi hakunigombeza. Alinisogeza pembeni, akaingiza chuma chake, akakigusisha kwenye mdomo wa tundu na kukitikisa kidogo kama mtu anayebisha hodi. "Usimvute," aliniambia. "Mwache ashike kwanza." Tukangoja. Mnyiri mmoja ukatoka, ukakizunguka chuma. Ukafuata wa pili, ukafuata wa tatu. Pweza alipokwisha kukikumbatia chuma barabara, Bibi alimtoa nje kwa mkono mmoja, taratibu, bila haraka yoyote. Muda wote ule pweza angeweza kuachia akarudi shimoni. Hakuachia. Mshiko wake ndio uliomtoa nyumbani kwake.

Somo lile lilikaa kimya ndani yangu kwa zaidi ya miaka ishirini. Liliamka Dar es Salaam, usiku mmoja wa Jumamosi, nikiwa mezani na marafiki wanne, karatasi, penseli na dadu yenye pande 20. Tulikuwa tunacheza Dungeons & Dragons. Mhusika wa rafiki yangu mmoja alikuwa ameingia kwenye pango lililojaa maji, na aliyekuwa akiongoza mchezo akatutangazia kwamba kuna kitu kimemzunguka kiunoni. Akafungua kitabu, akatusomea kanuni ya pweza mkubwa. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamwomba airudie. Aliyeiandika alikuwa amekifahamu kile alichokijua Bibi: kwamba aliyeshika naye ameshikwa.

Tangu usiku ule nimekuwa nikizisoma kanuni hizi kama mtu anavyoutazama mlango wa Zanzibar uliochongwa, nikifuatisha kwa kidole kila mkato. Kuandika kanuni za mchezo ni ufundi kamili, na mafundi wake hawasifiwi inavyostahili, kwa sababu kazi yao ikiwa nzuri haionekani. Watu hucheza, hushangilia, huenda kulala. Nataka leo tuitazame kazi hiyo kwa utulivu, kupitia kwa mnyama mmoja na tendo moja.

Kwa asiyeujua mchezo, uko hivi. Watu kadhaa hukaa mezani. Kila mmoja ana mhusika wake: shujaa, mchawi, mwizi, kasisi. Mmoja wao huongoza mchezo: ndiye anayeeleza mahali walipo, ndiye anayewasemea maadui na wanyama. Mchezaji husema anachotaka kufanya. Jambo likiwa na shaka, hurushwa dadu, na kanuni ndizo zinazoamua ile namba ina maana gani. Mchezo huu ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, na waliouasisi ni Gary Gygax na Dave Arneson. Tangu hapo umepita katika matoleo kadhaa, na kila toleo limelazimika kujibu upya swali moja gumu: mtu akimshika mwenzake, nini hutokea?

Pigo la upanga ni rahisi kuliandika. Unarusha dadu, ukifikia kiwango umempata adui, unampunguzia uhai kiasi fulani, imekwisha. Mshiko hauishi hivyo. Unaendelea, na kwa kila pumzi unazaa maswali. Aliyeshikwa anaweza kutembea? Anaweza kupiga? Na aliyeshika je, mikono yake iko huru? Mtoto anaweza kulikaba jitu? Mwenzao wa tatu akija na kisu, nani aliye hatarini zaidi? Anayetaka kujinasua atumie nguvu au wepesi? Fundi anatakiwa ayajibu yote haya kwa maneno machache ambayo mtu aliyechoka, saa nne za usiku, anaweza kuyakumbuka bila kufungua kitabu.

Majaribio ya kwanza yalikuwa mazito. Mwaka 1979, katika kitabu chake cha waongoza mchezo, Gygax aliweka utaratibu wa kupigana bila silaha uliogawa mambo katika ngumi, kukabana, na kumwangusha mtu kwa kumlemea. Kila tawi lilikuwa na hesabu zake za asilimia, za kuongeza na kupunguza kwa ajili ya nguvu, wepesi, urefu, uzito na mavazi ya vita. Ukiyasoma leo unaona jicho la mtu makini ambaye hakutaka kuacha kitu. Lakini mezani yalisimamisha mchezo, na wachezaji wengi waliyaruka. Hata hivyo kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maswali yalikuwa yamekwisha kuulizwa, na fundi aliyefuata aliyakuta yakimngoja.

Mwaka 2000 likatoka toleo la tatu, kazi ya Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams. Humo kukabana kulipangwa kwa hatua, kama ngazi. Kwanza, anayeingia kumshika mwenye silaha hujiweka wazi, naye aweza kupigwa kabla hajafika. Pili, lazima amguse. Tatu, wote wawili hurusha dadu na kulinganisha nguvu. Nne, aliyeshinda huingia mahali pale pale aliposimama mwenzake. Na ukubwa wa mwili ulipewa uzito wake: kila daraja moja la ukubwa juu ya binadamu liliongeza 4 katika pambano hilo, na kila daraja moja chini lilipunguza 4.

Wachezaji wengi walililalamikia toleo hilo. Ngazi ilikuwa ndefu, na mchezo ulikuwa ukikwama pale mtu aliposema tu, "Namkaba." Mimi ninaliheshimu kwa jambo moja. Ndani yake, mshiko ulipokamilika, wote wawili walihesabiwa kuwa wamo katika kukabana. Aliyeshika hakuwa mtazamaji. Naye alipoteza wepesi wake mbele ya maadui wengine, naye hakuweza kuondoka zake kama kawaida. Kwa wanyama wenye mshiko wa asili, pweza akiwamo, waandishi waliweka hiari: mnyama aweza kumshika mtu kwa kiungo kimoja tu, huku mwili wake uliobaki ukiwa huru. Bei ya hiari hiyo ilikuwa kupunguziwa 20 katika pambano la nguvu.

Ishirini ndiyo pande zote za dadu. Mafundi hawa walikuwa wakisema kwamba kumshika mwingine bila wewe mwenyewe kushikwa ni jambo linalowezekana, ila gharama yake ni kubwa kiasi kwamba jitu pekee ndilo linaloweza kuilipa. Mwanamieleka yeyote atakwambia hivyo hivyo. Bibi, aliyetumia udhaifu huo huo wa pweza kumtoa shimoni, angesema ndivyo.

Pweza mdogo wa toleo lile ana mstari mmoja ninaoupenda kuliko yote. Kila silaha katika mchezo ina kiasi cha madhara yake. Minyiri ya pweza yule imeandikiwa sifuri. Ikikupata haikuumizi hata chembe. Kazi yake ni kukushika, na mshiko ukikamilika ndipo mdomo unapofanya kazi, ule mdomo mgumu uliopinda kama wa kasuku. Mtu mvivu angeipa minyiri madhara kidogo, kwa kuwa kila silaha lazima iumize. Huyu alimtazama mnyama kwanza. Aliyewahi kuzungukwa na pweza mkononi anaijua hali hiyo: vikombe vinanata kimoja kimoja, ngozi inavutwa, lakini hakuna maumivu. Unachokiogopa ni pale unapohisi mwili wake unasogea kuelekea kiganjani, kwa maana mdomo uko katikati ya minyiri na unakuja.

Toleo la tano lilitoka mwaka 2014, likiongozwa na Mike Mearls na Jeremy Crawford. Humo ngazi yote ilikunjwa. Anayetaka kushika hutumia pigo lake moja, nguvu zake hushindanishwa na nguvu au wepesi wa mwenzake, na akishinda, mwendo wa aliyeshikwa huwa sifuri. Basi. Aliyeshikwa bado anaweza kupiga, kupiga kelele, kufanya uchawi. Akitaka kujinasua hutumia zamu yake kujaribu. Aliyeshika anaweza kumburuta, ila kwa nusu ya mwendo wake. Kwa wanyama ikawa fupi zaidi: mnyama akikupata kwa kiungo chake cha kushikia, umeshikwa, na kando yake imeandikwa namba unayopaswa kuifikia ili uchoropoke.

Sasa mtazame pweza mdogo wa toleo hilo, mstari kwa mstari. Uhai wake ni pointi 3. Nchi kavu mwendo wake ni futi 5 kwa duru, yaani kwa sekunde sita; majini ni futi 30. Nje ya maji anaweza kubana pumzi kwa dakika 30. Anapojificha majini hurusha dadu mara mbili na kuchukua iliyo bora. Minyiri yake hutoa dhara la pointi 1 na hukushika, na kuchoropoka kunahitaji 10. Mtu asiye na nguvu za ziada hufaulu kwa pande 11 kati ya 20. Yaani pweza mdogo atakuchelewesha, atakutia hofu, kisha utaondoka, na ndivyo ilivyo hasa.

Mtazame na mkubwa. Uhai wake ni pointi 52. Hufikia futi 15 kwa minyiri yake. Pigo lake hutoa wastani wa pointi 10, na kuchoropoka kunahitaji 16. Mtu anayekamatwa naye huwa ameshikwa na pia amebanwa, hali mbili ambazo kitabu kinazitenganisha kwa uangalifu. Aliyeshikwa tu hawezi kuondoka, lakini mikono yake inafanya kazi vizuri. Aliyebanwa kila anapopiga hurusha dadu mara mbili na kuchukua iliyo mbaya, na kila anayempiga huchukua iliyo nzuri. Ndiyo tofauti kati ya mtu aliyekamatwa mkono na mtu aliyepigwa kabali.

Halafu unakuja mstari ambao nilimwomba mwenzangu aurudie usiku ule. Maadamu pweza amemshika mtu, minyiri yake haiwezi kutumika kwa mtu mwingine. Yote minane. Wahenga wetu walisema mshika mawili moja humponyoka, na kanuni hii imelifanya neno lao kuwa sheria.

Kwa kweli mstari huo haufanani na pweza wa baharini. Pweza wa miamba yetu, ambaye wataalamu humwita *Octopus cyanea*, hutandaza utando ulio kati ya minyiri yake kama mwavuli juu ya kichaka cha matumbawe na kupapasa kila tundu kwa wakati mmoja. Huweza kukusanya kaa kadhaa chini ya mwavuli huo kabla ya kurudi nao shimoni. Pweza ana takribani seli milioni 500 za neva, na theluthi mbili kati ya hizo zimo ndani ya minyiri, si kichwani. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, akiwamo Binyamin Hochner, walionyesha kwamba hata mnyiri uliotenganishwa na ubongo, ukiguswa, unaweza kujinyoosha kwa mwendo ule ule wa pweza mzima. Kila mnyiri una busara yake. Mnyama wa namna hiyo anaweza kabisa kuwashika watu wawili.

Watafiti hao waliuliza pia swali lingine ambalo kila mtu wa pwani amewahi kujiuliza: kwa nini pweza hajikamati mwenyewe? Vikombe vyake hunata karibu kila vinachokigusa, na minyiri minane inapishana kutwa nzima. Mwaka 2014 walichapisha jibu lao. Mnyiri uliokatwa huendelea kushika vitu kwa muda wa kama saa moja, lakini haushiki mnyiri mwenzake. Walipouchuna ngozi ule mwingine, ukashikwa mara moja. Kwa hiyo ngozi ya pweza ina kitu kinachokiambia kikombe: huyu ni wewe, mwache. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza vipokezi vilivyomo katika vikombe hivyo, ambavyo pweza huvitumia kuonja kile anachokigusa. Anaposhika, anaonja. Mshiko wake ni namna ya kuuliza swali.

Mwandishi wa kanuni angeweza kuyaingiza yote haya. Angeandika mnyiri mmoja mmoja, kila mmoja na uhai wake, kila mmoja na zamu yake. Mezani lingekuwa janga. Pweza mmoja angekuwa na zamu nane, wachezaji wangekaa wakimtazama mwongoza mchezo akirusha dadu peke yake robo saa nzima, na wahusika wote wanne wangekabwa kwa mpigo, bila mmoja wao kubaki huru kumsaidia mwingine. Hofu ingepotea, kwa kuwa hofu inahitaji mtu wa kuiona. Fundi alijitenga na mnyama kwa makusudi, na alijitenga mahali pamoja tu, pale ambapo ukweli wa bahari ungeua mchezo. Kwingine karibu kote alibaki naye.

Niwaonyeshe jinsi mstari ule ulivyofanya kazi usiku ule. Rafiki yangu aliyeshikwa ni mwalimu wa hesabu, na mhusika wake alikuwa mwanamke mhunzi aliyegeuka askari, mwenye uhai wa pointi 30 kabla ya pweza kumgusa. Pigo la kwanza likamtoa 10. Akiongeza 3 za nguvu zake, alihitaji dadu ionyeshe 13 au zaidi ili achoropoke: pande 8 kati ya 20, asilimia 40. Pweza asipokosa, alikuwa na zamu mbili tu kabla ya kuzirai, na uwezekano wa kushindwa zote mbili ni asilimia 36. Mwalimu alizipiga hesabu hizo kwa sauti ya chini, akatutazama. Alikuwa na njia ya pili: aache kujinasua, amchome pweza kwa mkuki. Kanuni za toleo hili zinasema kwamba majini silaha nyingi za mkononi hupoteza makali, isipokuwa chache kama mkuki, kisu na ile yenye meno matatu. Ni vyombo vya wavuvi hasa. Lakini kwa kuwa alikuwa amebanwa, hata mkuki ungeyumba.

Akachagua kujinasua. Dadu ikaonyesha 9. Meza ikanyamaza.

Hapo ndipo mstari ule ukafunguka. Mmoja wetu akauliza, "Minyiri yake yote iko kwake?" Mwongoza mchezo akajibu, "Yote." Kwa pamoja tukaelewa. Pweza aliyekuwa akituzuia kwa futi 15 kila upande hakuwa na mnyiri hata mmoja wa kutuzuia nao. Dakika moja iliyopita hakuna aliyethubutu kusogea. Sasa tulizama wote watatu, tukamzunguka. Alipomshika mmoja alijifunga kwa wengine. Mwenzetu aliyenaswa ndiye aliyekuwa kamba tuliyomvutia.

Tulimchoma mpaka uhai wake ukapungua chini ya nusu. Ndipo mwongoza mchezo, kijana mtulivu ambaye hupenda kufikiri kabla ya kusema, akafanya jambo lililokamilisha kila kitu. Pweza akaachia. Akamwaga wino, wingu la futi 20 kila upande, likatufunika wote. Kisha akakimbia, na kwa kuwa kanuni inampa pweza aliyemwaga wino mwendo wa ziada katika zamu ile ile, alikwenda futi 120 kwa sekunde sita. Hakuna aliyeweza kumpiga alipokuwa akiondoka, maana kumpiga adui anayekukimbia kunahitaji umwone, na sisi tulikuwa gizani.

Nilikaa nikiutazama ufundi huo. Hakuna mahali kitabu kinaposema kwamba wino humlinda pweza dhidi ya mapigo ya nyuma. Kinasema wino huziba macho. Mahali pengine, mbali na pweza, kinasema pigo la nyuma linahitaji macho. Kanuni mbili zilizoandikwa kurasa mbalimbali zilikutana ndani ya maji zikampa mnyama njia ile ile anayoitumia baharini. Seremala mzuri huunga mbao kwa ulimi na tundu, bila msumari. Hapa pia hakukuwa na msumari.

Sitaki kusema kwamba kazi hii haina dosari. Akili ya pweza mdogo imepewa 3, na ya mkubwa 4, wakati mtu wa kawaida huwekewa 10. Hapo mwandishi hakumtazama mnyama vya kutosha. Mwaka 2009 watafiti waliripoti pweza wa Indonesia wanaobeba vifuu vya nazi sakafuni mwa bahari ili waje kujificha ndani yake baadaye. Kiumbe anayebeba leo nyumba atakayoihitaji kesho hawezi kuwa sawa na mbwa, naye mbwa mkubwa wa kitabu hicho amepewa 3 hiyo hiyo. Vile vile kile cha ajabu kuliko vyote, kwamba mshiko wake huonja, hakimo katika kanuni yoyote niliyoisoma. Namtamani fundi atakayekiingiza: pweza ambaye, akikushika, anajua jambo fulani juu yako ambalo wewe hukumwambia.

Na fundi huyo anaweza kuwa msomaji wa makala haya. Januari 2023, kampuni inayomiliki mchezo huu, Wizards of the Coast, iliyatoa maandishi ya msingi ya kanuni za toleo la tano kwa leseni huria ya Creative Commons. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuyatafsiri, kuyabadilisha, kuyachapisha na hata kuyauza, mradi ataje yalikotoka. Pweza wote wawili, mdogo na mkubwa, wamo.

Kiswahili kimejiandaa kwa kazi hiyo kuliko tunavyodhani. Nimejaribu kuzitafsiri kurasa za kukabana kwa ajili ya meza yetu, na kwa kila hali nimekuta neno likiningoja: kushika, kubana, kukaba, kunasa, kupiga kabali, kuburuta, kuchopoka, kuchoropoka. Tuna neno mnyiri, wakati mataifa mengine yanabishana yaiteje mikono ya mnyama huyu. Tuna akina mama wanaomjua pweza kwa kugusa, wanaojua atatoka tundu lipi maji yakianza kujaa, na wanaoijua tofauti ya pweza aliyeogopa na pweza aliyekasirika kwa rangi ya ngozi yake. Elimu hiyo haijaandikwa katika kitabu chochote cha mchezo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa vijana wanaocheza michezo hii Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar na kwingineko. Kabla hamjaandika kanuni ya mnyama, nendeni mkamwone. Subirini bamvua, mfuatane na mama mmoja anayekubali kuwachukua mwambani, mbebe ndoo yake, mkae kimya. Akiwapa chuma, msivute. Mwacheni pweza ashike kwanza, mhesabu ni minyiri mingapi imetoka na ni mingapi imebaki ndani ikishikilia jiwe. Kanuni yenu ianzie hapo.